Faini ya Fahali Mweusi: Baraza la Wanawake katika Nchi ya Hanang

Wageni wengi wanaofika Hirbadaw, wilayani Hanang, kwa azma ya kujitolea pamoja na vikundi vya wanawake huja na daftari, na ratiba ya semina, na nia njema isiyo na shaka, wakidhani kwamba wanakwenda kuwafunza wanawake wa huko kuketi pamoja, kuchagua viongozi na kushauriana juu ya mambo yanayowahusu. Wala hawajui, kwa kuwa hapana aliyewaeleza, kwamba katika nyanda hizo zinazotazamana na Mlima Hanang wanawake walikuwa na baraza lao, lenye kusikiliza mashauri na kutoa hukumu, tangu zama ambazo neno ushirika lilikuwa halijaandikwa katika sheria yoyote ya nchi hii. Kutojua huko si dhambi. Lakini mtu asiyejua nyumba ilikuwa na nguzo gani aghalabu huzing'oa huku akiamini kwamba anaijenga.

Wenyeji wa sehemu hizo, tangu Mbulu hadi Hanang, ni hasa Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, na Wadatoga, ambao tawi lao kubwa katika Hanang ni Wabarbaig. Wairaqw ni wakulima wanaofuga, na Wabarbaig kwa asili ni wafugaji waliojifunza kulima. Lugha zao hazina nasaba moja, lakini wamekaa jirani, wakapigana, wakapatana na kuoana kwa muda mrefu.

Baraza ninalolikusudia ni lile ambalo Wabarbaig huliita girgwageda gademga. Mtaalamu wa Kimarekani, George Klima, aliyekaa nao katika miaka ya 1950, alilieleza katika makala yake ya mwaka 1964 na tena katika kitabu chake cha mwaka 1970, naye alistaajabu kwa haki, kwani hakutarajia kuona katika jamii ya wafugaji, ambamo ukoo hufuata upande wa baba na mume mmoja huweza kuwa na wake kadhaa, mahakama ya wanawake watupu ambayo wanaume huiogopa. Mume aliyempiga mkewe pasipo sababu, au aliyemsumbua mzazi aliyekuwa bado ndani baada ya kujifungua, hakuwa amemkosea mke wake peke yake, bali alikuwa amewakosea wanawake wote. Nao wanawake walioolewa wa maeneo hayo walikusanyika mahali pao, mbali na wanaume, wakalisikiliza shauri tangu mwanzo hadi mwisho, wakahojiana, kisha wakakata hukumu. Faini iliyojulikana ni fahali mweusi. Aliyekaidi alijua kwamba mbele yake kuna laana ya wanawake, na hapana mwanamume mwenye mifugo na watoto aliyekuwa tayari kuijaribu.

Ni nini kilicholipa baraza hilo nguvu? Nadhani jambo la kwanza ni mali. Kwa Wabarbaig, mali anayotoa bwana arusi ni haba, wakati ambapo bibi arusi hupewa ng'ombe na baba yake na jamaa zake, akaenda nao kwa mumewe. Na kundi hilo ndilo linalolisha nyumba yake na kurithiwa na wanawe, wala mume hawezi kulitumia apendavyo kana kwamba ni lake. Mwanamke anayeketi barazani huku nyuma yake kuna ng'ombe aliopewa kwao husema kwa sauti nyingine kabisa.

Jambo la pili ni ibada. Mke wa Kibarbaig huvaa sketi ya ngozi iitwayo hanang'weanda, iliyolainishwa kwa mafuta na kukatwa kuwa kamba nyembamba nyingi zinazochezacheza kila apigapo hatua, na vazi hilo si pambo, maana ndani yake mna heshima ya uzazi na uhusiano wa wanawake na Udameselgwa, roho ya kike wanayemwomba kwa ajili ya watoto, mifugo na mvua. Kwa hiyo wanawake wakisimama pamoja na sketi hizo kiunoni, wakaimba na kuomba, hawakuonekana kuwa kundi la wake wa watu fulani, bali wenye amana ya uhai wa nchi. Wairaqw nao, ambao humtaja Lo'a, Mungu wao mwema, kwa jinsi ya kike, wana kawaida ya wanawake kutoka kwa maandamano wakati wa ukame au balaa, wakipita nyumba hata nyumba. Na wana pia kawaida ya slaqwe, yaani majirani kuja shambani kwa mmoja wao kulima siku nzima, naye mwenye shamba akawaandalia pombe. Kujitolea, basi, halikuwa jambo la kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kisha ikaja ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali, kwa msaada wa Canada, ilianzisha katika nyanda za Basotu mashamba makubwa yaliyokuwa chini ya shirika la umma la kilimo, NAFCO, hata yakafikia saba na kumeza ekari zipatazo 100,000. Na ardhi hiyo ndiyo iliyokuwa malisho bora ya Wabarbaig. Makaburi ya wazee wao, bung'eda, yenye kujengwa kwa taadhima kuu na kuzuriwa vizazi hata vizazi, yakapitiwa na trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981 na kushinda katika Mahakama Kuu, lakini baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika habari zote zilizoandikwa juu ya mkasa huo mengi yanasemwa juu ya ekari na magunia, na machache mno juu ya kibuyu cha maziwa kilichopungua siku hadi siku mkononi mwa mama. Baraza la wanawake lingeweza kumtoza fahali kila mwanamume wa Hanang. Shirika halina mke, wala halina mtoto wa kuogopea laana.

Ushirika wa sheria nao ulikuja kwa njia nyingine. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ni ya mwaka 1932, nayo ilitazama mazao ya biashara, hasa kahawa na pamba, na kwa sababu hiyo wengi wa walioandikishwa walikuwa wanaume wenye mashamba. Kwa ajili ya wanawake ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika misukosuko yote hiyo mwanamke wa kijijini alikuwa akiambiwa ajiunge na kitu kilichobuniwa na wengine.

Kilichomfaa zaidi ni VICOBA, yaani vikundi vya kijijini vya kuweka akiba na kukopeshana. Utaratibu wake una asili ya Niger, ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake mwaka 1991, ukaenea Tanzania baadaye. Mtu akitaka kuufahamu, na alitazame kasha. Ni kasha la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake tatu huwa kwa wanachama watatu mbalimbali, na anayelala na kasha nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano wote huketi kwa duara, kasha hufunguliwa mbele ya macho yao, hisa huandikwa katika kitabu cha kila mmoja, mfuko wa jamii hutengwa kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na aliyechelewa hutozwa faini papo hapo. Naupenda utaratibu huo kwa dhati, kwa kuwa umewapa wanawake maelfu mbuzi, cherehani, ada ya shule na bati la nyumba bila ya kumpigia mtu magoti.

Lakini na tuitazame faini hiyo vizuri. Faini ya girgwageda gademga ilitoka barazani ikamwendea mwanamume aliyedhulumu. Faini ya kikundi huzunguka ndani ya kikundi, ikamwangukia mwanamke aliyechelewa kwa sababu kisima ki mbali au mtoto ameumwa. Katiba ya kikundi haina kifungu cha kumhoji mume aliyechukua mkopo wa mkewe akaulewea, wala aliyemtwanga kwa sababu ya mkopo huo. Naona hapa ndipo mgeni anayekuja kujitolea anapoweza kuwa na manufaa makubwa au kuwa mzigo. Akija na katiba iliyokwisha chapwa, ambayo jina la kijiji tu ndilo lililoachiwa nafasi, atapata saini na picha. Akija kwanza kwa bibi vizee, akauliza mashauri yalisikilizwaje, nani aliyeruhusiwa kusema, na mkaidi alirudiwaje, atapata vifungu ambavyo hakuna semina iliyowahi kuvifundisha, naye atakuwa karani wao badala ya mwalimu wao. Haja ya ukarani huo imezidi tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipovitaka vikundi visajiliwe, kwani usajili huhitaji katiba, na katiba huandikwa na aliyeshika kalamu.

Mahali pamoja sheria ya nchi imeikaribia ile kawaida ya zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaagiza kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji watatu wawe wanawake, na mwanamume mwenye mgogoro wa shamba au malisho huitwa kusimama mbele yao, akaeleza, akahojiwa, akajibu. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Uwezo wa kutoza fahali mweusi hawakupewa.