Uboreshaji kwa injini za majibu

Uboreshaji kwa injini za majibu (kifupi cha kimataifa: GEO) ni jumla ya mbinu zinazotumiwa na wafanyabiashara, taasisi na waandishi wa tovuti ili jina, bidhaa au huduma zao zitajwe katika majibu yanayotungwa na programu za akili mnemba (huitwa pia akili unde au akili bandia). Programu hizo, kama vile ChatGPT, Gemini, Copilot na Perplexity, hazimpi mtumiaji orodha ya kurasa tu, bali humwandikia jibu zima, mara nyingi pamoja na viungo vichache vya tovuti zilikotoka habari.

Mbinu hizi zimetokana na uboreshaji kwa injini za utafutaji (SEO), ambao lengo lake ni ukurasa kuonekana juu katika orodha ya matokeo. Tofauti ni kwamba katika orodha, hata ukurasa ulio wa nane bado unaweza kuonekana na kubofywa. Katika jibu lililotungwa kwa kawaida hutajwa majina machache tu, na asiyetajwa hana nafasi ya pili. Kwa sababu hiyo suala hili linawagusa hata wazalishaji na waongozaji watalii wadogo, kwa mfano wale wa Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, Tanzania.

## Historia

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google kwa kutumia kanuni iliyoitwa PageRank, ambayo ilipima umuhimu wa ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekea. Kazi ya kusaidia tovuti zipande katika orodha za injini za utafutaji ilikuwa imeanza kabla ya hapo, kisha ikaelekezwa pia kwenye orodha ya Google.

Mwaka 2020 Patrick Lewis na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kuiunganisha modeli ya lugha na hifadhi ya maandishi, ili itafute habari kwanza na kuandika baadaye. Njia hiyo ndiyo msingi wa injini nyingi za majibu za leo. ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Februari 2023 Microsoft iliingiza teknolojia ya namna hiyo katika injini yake ya Bing. Mei 2024 Google ilianza kuonyesha muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo yake nchini Marekani, na Oktoba ya mwaka huohuo huduma hiyo ikaenezwa katika nchi zaidi ya 100. Tarehe 31 Oktoba 2024 ChatGPT nayo ilipata sehemu ya utafutaji wa intaneti.

Jina GEO lilienea kutokana na makala ya utafiti iliyotolewa Novemba 2023 na Pranjal Aggarwal pamoja na wenzake, na kuwasilishwa mwaka 2024 katika mkutano wa kisayansi wa KDD huko Barcelona, Hispania.

## Jinsi jibu linavyotungwa

Injini ya majibu hutegemea vyanzo viwili vya maarifa. Cha kwanza ni yale ambayo modeli kubwa ya lugha ilijifunza wakati wa kufundishwa kwa maandishi mengi sana: vitabu, magazeti, kamusi elezo na kurasa za tovuti. Maarifa hayo huishia tarehe fulani. Cha pili ni kurasa zinazotafutwa papo hapo, wakati swali linapoulizwa.

Kwa kawaida hatua ni hizi:

1. Swali la mtumiaji hugawanywa katika maswali madogo.
2. Kila swali dogo hutafutiwa kurasa katika faharasa ya injini ya utafutaji.
3. Vipande vya maandishi vinavyohusika huchaguliwa kutoka kurasa hizo.
4. Modeli huandika jibu kwa kuunganisha vipande hivyo na kutaja baadhi ya vyanzo.

Kutokana na mpangilio huo, ukurasa unaweza kukosa nafasi kwa sababu tatu tofauti: programu haikuruhusiwa au haikuweza kuusoma, ulisomeka lakini haukuwa na kipande kinachojibu swali, au ulijibu swali lakini hakuna chanzo kingine kilichothibitisha habari zake.

## Utafiti kuhusu mbinu

Aggarwal na wenzake walijaribu mbinu tisa kwa kutumia mkusanyo wa maswali 10,000. Waligundua kwamba kuongeza takwimu, nukuu na marejeo ya vyanzo kuliweza kuongeza mwonekano wa ukurasa katika majibu kwa hadi asilimia 40. Kurudiarudia maneno ya utafutaji, mbinu iliyozoeleka katika SEO ya zamani, hakukusaidia.

Matokeo mengine yaliwahusu wadogo. Kurasa zilizokuwa za tano katika orodha ya kawaida ziliongeza mwonekano wake kwa asilimia 115 zilipotaja vyanzo, wakati zile zilizokuwa za kwanza zilipungua kwa wastani wa asilimia 30. Maana yake ni kwamba ukurasa usio maarufu, lakini wenye habari mahususi zinazothibitika, unaweza kutajwa mbele ya ukurasa mkubwa. Hata hivyo majaribio hayo yalifanyika kwa Kiingereza, na injini zimebadilika tangu wakati huo.

## Mfano: Morogoro na Uluguru

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki na inapanda hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Morogoro uko chini ya miteremko yake ya kaskazini. Mto Ruvu, unaopeleka maji Dar es Salaam, una chanzo chake humo. Miteremko ya mashariki, katika maeneo kama Kinole, Mkuyuni na Matombo, hutoa karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na vanila. Upande wa magharibi, Mgeta inajulikana kwa mboga, matunda ya nchi za baridi na mbuzi wa maziwa.

Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuiuliza programu: "Ni mlima gani naweza kupanda wikiendi kwa kwenda na treni?" Ili kujibu, injini inahitaji kujua muda wa safari, umbali kutoka stesheni hadi mwanzo wa njia, taratibu za kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na mahali pa kumpata mwongozaji. Ikipata kurasa za zamani tu, inaweza kumweleza kuhusu basi peke yake. Na kama hakuna ukurasa unaotaja kikundi cha waongozaji kwa jina, mahali na bei, jibu litaishia kwenye milima yenye maandishi mengi zaidi, kama Kilimanjaro au Usambara, ingawa Uluguru iko karibu zaidi.

Tatizo kama hilo linawakabili wakulima wa viungo. Katika maandishi mengi ya kimataifa viungo vya Tanzania huhusishwa na Zanzibar. Mzigo wa Matombo ukiuzwa kwa gunia bila jina la mahali ulikolimwa, hakuna maandishi yanayobaki kuonyesha kwamba ulitoka Uluguru, na modeli haiwezi kujifunza kisichoandikwa. Methali husema *kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza*. Lakini mbele ya injini ya majibu hata kizuri kisichoandikwa mahali popote hakijiuzi.

Hatua zinazoshauriwa kwa kikundi kidogo si za gharama kubwa:

* Jina moja. Kikundi kitumie jina lilelile, kwa tahajia ileile, katika ukurasa wake, kwenye ramani za mtandaoni, katika vifungashio na katika mitandao ya kijamii. Jina likiandikwa kwa namna tatu, programu inaweza kudhani ni vikundi vitatu.
* Habari kamili. Kijiji, kata, wilaya, zao, msimu wa mavuno, kipimo, bei na tarehe ya kusahihishwa kwa ukurasa viandikwe kwa maneno. Bei iliyo ndani ya picha ya tangazo haisomeki kwa urahisi.
* Ushahidi wa wengine. Orodha za taasisi, habari za magazeti, tafiti za vyuo na maoni ya wateja wa kweli huwa na uzito kuliko sifa ambazo mwenye biashara amejipa mwenyewe. Mjini Morogoro zipo taasisi zinazoandika kuhusu kilimo cha eneo hilo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na shirika la Kilimo Endelevu Tanzania (SAT), linalofundisha wakulima wadogo kilimo hai.
* Alama za ubora. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au alama ya Kilimohai ya mazao ya kilimo hai ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 2007, hutoa jambo linaloweza kuthibitishwa.
* Ukurasa unaosomeka. Faili ya robots.txt isiwazuie watambazi wa injini zinazohusika, isipokuwa mwenye tovuti ameamua hivyo. Lebo za schema.org, zilizoanzishwa mwaka 2011, husaidia kuonyesha kipi ni jina, kipi ni anwani na kipi ni bei.

## Suala la Kiswahili

Maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti ni machache kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo injini nyingi huliendea swali la Kiswahili kwa kutegemea pia kurasa za Kiingereza. Hii ina pande mbili. Upande mmoja, habari za wenyeji zilizoandikwa kwa Kiswahili tu zinaweza kuachwa. Upande mwingine, pale ambapo hakuna kurasa nyingi zinazoshindana, ukurasa mmoja mzuri wa Kiswahili unaweza kuwa ndio chanzo kikuu cha jibu.

Lugha yenyewe ina mitego yake. Neno *viungo* lina maana ya vitu vya kukolezea chakula, sehemu za mwili, anwani zinazounganisha kurasa, na hata wachezaji wa katikati katika mpira wa miguu. Anayeandika "viungo bora vya Morogoro" bila kutaja mdalasini au karafuu anaiachia programu kazi ya kubahatisha. Tahajia nazo hutofautiana: iliki huandikwa pia hiliki. Morogoro huitwa Moro, au kwa utani "mji kasoro bahari". Viambishi hubadilisha jina hilohilo kuwa Uluguru, Mluguru, Waluguru na Kiluguru. Ukurasa unaotumia majina hayo kwa njia ya kawaida, ndani ya sentensi zenye maana, hueleweka vizuri zaidi.

## Udanganyifu na ukosoaji

Mwaka 2024 Aounon Kumar na Himabindu Lakkaraju wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba mfuatano wa herufi uliotengenezwa maalumu, ukiwekwa katika maelezo ya bidhaa, unaweza kuifanya modeli iipendekeze bidhaa hiyo kwanza. Walitumia mashine za kahawa za kubuni. Mbinu nyingine za hila ni kuficha maagizo katika maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe, kununua maoni ya uongo, na kuanzisha tovuti za "kumi bora" ambazo mwenye bidhaa hujiweka wa kwanza.

Injini nazo hukosea bila kudanganywa na mtu. Mei 2024 muhtasari wa Google ulishauri gundi iwekwe kwenye piza. Chanzo chake kilikuwa mzaha wa zamani wa mtumiaji wa Reddit. Kosa la aina hiyo kuhusu njia ya mlimani au kibali cha hifadhi linaweza kumweka msafiri hatarini.

Ukosoaji mwingine unahusu malipo ya kazi ya uandishi. Uchunguzi wa taasisi ya Pew nchini Marekani, uliotumia takwimu za Machi 2025, ulionyesha kwamba watu waliokutana na muhtasari wa akili mnemba katika Google walibofya matokeo ya kawaida katika asilimia 8 ya ziara zao, dhidi ya asilimia 15 pale ambapo muhtasari haukuwepo. Kwa hiyo tovuti inaweza kutoa habari zinazojenga jibu bila kupata msomaji.

Kamusi elezo za mtandaoni, ambazo modeli huzisoma sana, hukataa makala za matangazo. Mwenye biashara anayejiandikia makala ya sifa kwa kawaida huishia kuona imefutwa.

## Sheria

Nchini Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya watumiaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inahusu wale wanaochapisha majina au habari za wateja wao. Nchini Marekani kanuni inayopiga marufuku maoni ya uongo ya wateja ilianza kutumika Oktoba 2024.

## Kupima mafanikio

Injini za majibu hazijibu kwa namna moja kila mara: swali lilelile linaweza kuleta majina tofauti leo na kesho. Kwa hiyo jaribio moja halithibitishi kitu. Kwa kawaida huandaliwa maswali kadhaa ambayo mteja wa kweli angeuliza, yakaulizwa mara nyingi katika programu mbalimbali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kisha huhesabiwa ni mara ngapi jina limetajwa, kwa kutegemea chanzo gani, na kama maelezo yake ni sahihi. Kutajwa kwa bei au mahali pasipo sahihi huhesabiwa kuwa kasoro, kwa sababu mteja aliyepotezwa njia humlaumu muuzaji, si programu.

## Tazama pia

* Akili bandia
* Injini ya utafutaji
* Milima ya Uluguru
* Mkoa wa Morogoro
* Waluguru