2,147,483,647: Namba Iliyopatana na Gangnam Style

Cheki hii namba: 2,147,483,647. Zidisha mbili 31 pamoja, toa 1, utaipata. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila na 1 na yenyewe. Leonhard Euler, msee wa hesabu kutoka Uswisi, alithibitisha hivyo 1772 bila kalkuleta. Hakujaribu kila kitu, zii. Alijua ni vigawanyo vya aina gani tu vinaweza kuingia, na hakuna haja ya kupita 46,340.

Kompyuta ikihesabu kwa biti 32, moja ikiwa ya kuonyesha hasi ama chanya, namba yake ya mwisho ndo hii. 2014 Gangnam Style ya PSY iliikaribia, YouTube wakahamisha kaunta hadi biti 64. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Hicho si tasa, 7 inaingia freshi.

Sasa ngori. Mitambo mingi ya zamani husoma saa kwa kuhesabu sekunde tangu 1970 ianze. Hesabu itagonga 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi hapa Kenya. Sekunde inayofuata, mashine yoyote ambayo haijarekebishwa itakushow ni Desemba 13, 1901. Ijumaa, manze.