Vumbi la Pamba na Wajibu wa Mwajiri Kanda ya Ziwa

Historia ya pamba ya Kanda ya Ziwa imeandikwa zaidi kwa jicho la mkulima. Tunamkumbuka Paul Bomani na wenzake, walioanzisha Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, wakapigana na dhuluma ya mizani na hatimaye wakamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Aliyesahauliwa ni kibarua aliyesimama ndani ya viwanda hivyo akivuta vumbi msimu mzima.

Vumbi hilo lina ugonjwa wake: bisinosisi. Kifua hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha mtu hupata nafuu kadiri juma linavyosonga. Miaka ikipita, nafuu hiyo hutoweka. Mwaka 1700 tabibu Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alikwisha kuandika juu ya kikohozi cha wachambuzi wa kitani. Uingereza ilianza kuwalipa fidia wagonjwa wa bisinosisi wa viwandani mwake mwaka 1941, ilipokuwa ikiitawala Tanganyika na kuisimamia pamba yake. Basi, mwajiri wa wakati ule hawezi kutetewa kwa hoja ya kutojua.

Sheria nazo hazikukosekana. Ile ya Viwanda ya 1950 ilirithiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayoagiza wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wawapo kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na waajiri, nao unahusu maradhi yatokanayo na kazi sawa na ajali.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mkono uliokatwa na mashine una tarehe na mashahidi. Pumzi inayopungua polepole haina. Kibarua wa msimu akirejea Magu au Kwimba na kikohozi, bila cheti chochote cha kiwandani, zahanati itamwandikia pumu, na kiwanda hakitatajwa tena.

Kwa hiyo nashauri mapafu ya kila kibarua yapimwe msimu unapoanza na unapofungwa, kwa gharama ya mwajiri, naye kibarua apewe nakala. Mkaguzi aingiapo kiwandani, aombe kwanza daftari la vipimo hivyo, ndipo ahesabu barakoa.