Polisi Wawili na Mipaka ya Utani

Ijumaa ya tarehe 18 Septemba 1998, filamu iitwayo Rush Hour ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Ndani ya siku tatu ilikuwa imekusanya takriban dola milioni 33, kiasi kinachokaribia gharama yote ya kuitengeneza. Ilipomaliza safari yake ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 140 huko Marekani na zaidi ya milioni 240 dunia nzima. Kwenye bango kulikuwa na nyuso mbili tu: Jackie Chan wa Hong Kong, mwenye umri wa miaka 44, na Chris Tucker, mchekeshaji kijana kutoka Georgia ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

Watu walicheka mpaka machozi. Ila kulikuwa na mmoja ambaye hakucheka sana, naye ni Chan mwenyewe. Kwa miaka mingi baadaye amerudia kusema kwamba hakuipenda filamu ile. Mapigano yake aliyaona ya Kimarekani mno, na vichekesho vyake hakuvielewa. Kwa maelezo yake, watazamaji wa Asia nao hawakuona cha ajabu. Wamarekani ndio walioshangilia, naye akabaki akijiuliza wanacheka nini.

Swali lake si dogo. Filamu ya polisi wawili wasiofanana husimama au huanguka kwa jambo moja: nani anamcheka nani, na je, yule anayechekwa ana nafasi ya kujibu? Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno kwa hali hiyo. Tunaita utani. Na kila aliyekulia penye watani anajua kwamba utani una sheria. Mngoni anaweza kumtupia Mhehe maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yatazua ugomvi, kwa sababu Mhehe naye ana haki ya kumrudishia. Makabila hayo mawili yalipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Haki ya kujibu ikiondolewa, kinachobaki ni dharau iliyovishwa kicheko.

Basi Rush Hour ilikuwa utani au dharau?

Aina hii ya filamu ilikuwa na kanuni zake kabla ya Chan kufika. Mwaka 1982, 48 Hrs. ilimkutanisha polisi Mzungu, Nick Nolte, na mfungwa Mweusi, Eddie Murphy, aliyetolewa gerezani kwa siku mbili ili asaidie upelelezi. Mwaka 1987 Lethal Weapon ikawaunganisha Mel Gibson na Danny Glover. Mpango ulikuwa uleule: watu wawili wanaochukiana wanalazimishwa kukaa gari moja, wanatukanana nusu ya filamu, halafu risasi zinawafanya ndugu. Katika mpango huo, karibu kila mara mmoja wa wawili hao alikuwa Mzungu. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha kawaida, na mwenzake ndiye aliyekuwa tofauti.

Rush Hour ilimwondoa Mzungu kwenye kiti cha mbele. Binti wa balozi mdogo wa China anatekwa nyara Los Angeles. Baba anamwita Inspekta Lee kutoka Hong Kong, mtu anayemwamini. FBI hawamtaki mgeni katika kazi yao, kwa hiyo wanaomba polisi wa jiji watoe mtu wa kumzungusha mbali na upelelezi. Anatolewa Carter, ambaye wakubwa wake wamemchoka. Hivyo urafiki unaanza kwa dharau ya aina moja iliyowapata wote wawili: kila mmoja ametupwa pembeni na ofisi ile ile, na hakuna kati yao aliye kipimo cha kawaida cha mwenzake.

Mahali pia palikuwa na uzito. Los Angeles ya 1998 haikuwa jiji lolote tu. Mnamo Machi 1991, Latasha Harlins, msichana Mweusi wa miaka 15, alipigwa risasi na mwenye duka mwenye asili ya Korea baada ya mabishano juu ya chupa ya maji ya machungwa. Aliyempiga alipatikana na hatia lakini hakupelekwa gerezani. Tarehe 29 Aprili 1992, polisi waliorekodiwa wakimpiga Rodney King waliachiwa na mahakama, na jiji likawaka moto. Watu zaidi ya 50 walikufa. Maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa, na baadhi ya wenye maduka walipanda juu ya mapaa wakiwa na bunduki.

Lee si Mkorea, na filamu haitaji hata mara moja yale yaliyotokea. Lakini mtazamaji wa Los Angeles aliyenunua tiketi miaka sita tu baada ya moto ule hakuhitaji kukumbushwa. Mtu Mweusi na mtu wa Asia wakiwa wamesimama uso kwa uso katika jiji lile, na mmoja wao akiwa amevaa beji ya polisi wa jiji lile, ilikuwa picha iliyobeba hofu. Filamu ikaichukua picha hiyo ikaifanya utani.

Tazama ilivyofanya. Kule uwanja wa ndege Carter anampokea Lee kwa kelele, akitamka maneno polepole kana kwamba anazungumza na kiziwi. Lee anatabasamu na kukaa kimya. Muda mrefu baadaye anafungua kinywa na Kiingereza kinatoka. Carter anafura: kumbe alikuwa anadanganywa! Lee anamjibu kwamba hakuwahi kusema hajui. Carter ndiye aliyeamua hivyo mwenyewe, na mtu ukimwacha aongee utajua anajua kiasi gani. Kicheko kilichokuwa kikielekea kwa Lee kinageuka njiani na kumrudia aliyekitupa.

Halafu kuna tukio la baa. Lee amemsikia Carter akimsalimia rafiki yake Mweusi kwa neno ambalo kati yao ni salamu ya kindugu. Anaamini ndivyo watu wa hapo wanavyoamkuana. Anamwendea mwenye baa na, kwa adabu zote, anarudia neno lile lile. Ukumbi unanyamaza, kisha ngumi zinaanza. Wapo waliolichukia tukio hilo na wapo waliolicheka sana, na kila upande una sababu. Ila linaonyesha sheria ya utani kwa uwazi kuliko hotuba yoyote: neno si lile tu linalotamkwa, bali pia kinywa kinacholitamka. Lee hana utani na watu wale. Bado hajaulipia.

Malipo yanakuja nje ya mgahawa wa Kichina, wawili wakisubiri usiku. Lee anamfundisha Carter namna ya kumpokonya mtu bastola. Carter anamfundisha Lee kuimba na kucheza wimbo War wa Edwin Starr. Wanashindana kusifia baba zao, wote polisi, kila mmoja akiongeza chumvi zaidi ya mwenzake. Hapa hakuna anayechekwa peke yake. Kila mmoja ametoa kitu na amepokea kitu. Ndiyo sehemu ambayo mashabiki wengi bado wanaikumbuka kwa moyo, na sidhani ni bahati tu.

Na jambazi je? Filamu inaanza Hong Kong siku ya mwisho ya utawala wa Uingereza, mwaka 1997. Mwishoni tunagundua kwamba kiongozi wa wahalifu ni Mwingereza, ofisa wa zamani wa polisi wa koloni hilo, ambaye amekuwa akikaa meza moja na balozi kama rafiki. Katika filamu iliyojaa kelele za Tucker ni rahisi kulipita jambo hili. Lakini watu wawili wa pembeni wanaungana, na wanayemwangusha ni bwana wa zamani aliyekuwa akiheshimiwa na wote.

Hadi hapo mizani inaonekana kuelemea upande wa utani. Ila kuna upande wa pili, na walioushika hawakuwa wakorofi. Wakosoaji wenye asili ya Asia huko Marekani walihoji kwa nini vichekesho vingi namna ile vilihusu lafudhi, chakula na sura za Wachina. Waliuliza pia kwa nini steringi wa Asia anaokoa kila mtu lakini hapewi mapenzi. Ukihesabu maneno, Carter anatupa kumi na Lee anarudisha moja. Utani wa aina hiyo umeegemea upande mmoja.

Nadhani hapa ndipo tunapoelewa kwa nini Chan hakucheka. Yeye hakuwahi kuwa mchekeshaji wa maneno. Alilelewa katika shule kali ya opera ya Kichina huko Hong Kong, akaanza kama mtu wa hatari katika filamu za wengine, zikiwemo za Bruce Lee, kisha akabuni ucheshi wake wa viti, ngazi, meza na miamvuli. Kicheko chake hakihitaji mkalimani. Hollywood ilimjaribu mwaka 1980 kwa The Big Brawl na tena mwaka 1985 kwa The Protector, na mara zote mbili ilimfanya apigane kama Mmarekani. Mlango ulifunguka mwaka 1996, Rumble in the Bronx, filamu ya Hong Kong, ilipoongoza kwa mauzo Marekani. Katika Rush Hour alipewa tena siku chache na nafasi finyu kwa mapigano, huku maneno yakipewa uwanja mpana. Alikuwa akijibu kwa mwili katika filamu iliyokuwa ikihesabu maneno.

Mashabiki wake walijua wanachokisubiri. Senh Duong, mwanafunzi wa California aliyekuwa akikusanya maoni ya wahakiki kuhusu filamu za Chan, alisikia kwamba Rush Hour ingetoka Agosti 1998, akatengeneza tovuti ya kuyaweka maoni yote mahali pamoja. Filamu ikachelewa hadi Septemba, tovuti ikatangulia. Ndiyo Rotten Tomatoes, ambayo leo wengi wetu tunaichungulia kabla ya kuamua kutazama chochote. Kabla ya asilimia zake kuogopwa na studio, ilikuwa kazi ya mpenzi wa filamu za ngumi.

Mapenzi hayo yalikuwa na mizizi mirefu miongoni mwa Wamarekani Weusi pia. Miaka ya 1970 majumba ya sinema ya mitaani kwao yalijaa filamu za kung fu. Mwaka 1973 Enter the Dragon ilimweka Jim Kelly, Mweusi, karibu na Bruce Lee. Kundi la Wu-Tang Clan, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993, lilichukua jina lake kutoka filamu hizo. Muziki wa Enter the Dragon ulitungwa na Lalo Schifrin, na ndiye huyo huyo aliyetunga muziki wa Rush Hour. Kwa hiyo Carter na Lee hawakukutana kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Watazamaji wao walikuwa wamekutana gizani, mbele ya kitambaa cheupe, kwa robo karne.

Hata huku kwetu giza hilo lilikuwepo. Watu walifurika katika sinema za Dar es Salaam kumtazama Bruce Lee, na baadaye deki na kanda za video zikampeleka Chan mpaka kwenye vibanda umiza, ambako Kiingereza kilikuwa kelele tu kwa wengi waliobanana kwenye mabenchi. Huko mateke yalieleweka bila msaada. Maneno ndiyo yaliyohitaji mtu. Ndipo wakapata umaarufu wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wanaoingiza sauti zao juu ya filamu, wakiwapa steringi na jambazi majina, matani na methali za mtaani. Hawatafsiri neno kwa neno. Wanaongeza mtani wa tatu, ambaye anaweza kumpa mtu mkimya maneno aliyonyimwa na mwandishi wa Hollywood. Chan aliyebaki nyuma kwa maneno Los Angeles anaweza kushinda kwa maneno Manzese au Gikomba.

Filamu ya pili ilitoka mwaka 2001, na mwanzo wake uligeuza ubao: sasa Carter ndiye mgeni Hong Kong, na sasa yeye ndiye anayeongea ovyo lugha asiyoijua. Iliingiza fedha nyingi kuliko ya kwanza. Chan alirudi, na akarudi tena kwa ya tatu mwaka 2007, ingawa moyo wake haukuwa umebadilika.

Lakini rudi kwenye dakika za mwisho za ile ya kwanza, pale majina yanapopita na tunaonyeshwa makosa ya wakati wa kupiga picha, desturi ambayo Chan alikuja nayo kutoka filamu zake. Tucker anapewa maneno machache ya Kichina. Anayavuruga, anarudia, anayavuruga tena. Chan, aliyekuwa akihangaika na Kiingereza siku zote za kazi, anamgeukia na kumtania kwamba yeye anasema Kiingereza kutwa na mwenzake ameshindwa vineno viwili vitatu. Hilo halikuandikwa na yeyote. Na hapo, kwa mara moja, Jackie Chan anacheka kweli.