Pini Iliyokaa Pembeni

Mnamo 1206, kule Diyarbakir, fundi Al-Jazari alimaliza kitabu cha mashine zake. Humo mna sanamu za kuburudisha wageni wa mfalme: wanamuziki ndani ya mashua, mtumishi wa bandia anayemwaga maji ya kunawa. Humo humo mna pampu. Maji yanazungusha gurudumu, pini inavuta fimbo huku na huku, na pistoni mbili zinapokezana: moja ikivuta maji, nyingine inasukuma.

Siri yenyewe ni hiyo pini tu. Ingekaa katikati, ingezunguka bure.

Wajir ni mji wa visima. Kwa vizazi, maji yametolewa kwa kamba, ndoo na mikono ya watu. Mto wa kuzungusha gurudumu hatuna, ila upepo upo. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, karakana moja ya Thika ilianza kuunda pampu za upepo ziitwazo Kijito: mapanga yanazunguka juu, fimbo inapanda na kushuka kisimani.

Kwa hivyo ukiona kijana anafungua mota ya waipa ya gari ili mdoli wake uinue mkono, usimcheke. Kiangazi kikibana, ujuzi ni huo huo.