Kupunguza uzito kabla ya kwenda JKT: mambo ambayo mama na mlezi wanapaswa kujua

Mitihani ya kidato cha sita inapomalizika mwezi Mei, vijana huitwa kujiunga na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Wapo wanaopangiwa Mlale, hapa hapa mkoani kwetu Ruvuma, na wapo wanaokwenda mbali: Ruvu mkoani Pwani, Nachingwea mkoani Lindi, Bulombora mkoani Kigoma. Wengine huomba wenyewe nafasi za kujitolea, wakiwa na matumaini ya kuingia jeshini au polisi baadaye.

Hapo ndipo mama wa Mjimwema anapoona mabadiliko nyumbani. Binti aliyezoea kula vizuri anasukuma sahani. Kijana wa kiume anakimbia saa saba mchana amevaa sweta mbili. Ukiuliza, unajibiwa kwamba "bonge hamalizi depo." Makala hii inaeleza ni uzito gani wa kupunguza, kwa kasi gani, na njia zipi zinaweza kumfikisha mwanao wodini kabla hajafika kambini.

Je, kuna kilo zinazotakiwa?

Matangazo ya JKT na ya Jeshi la Wananchi huzungumzia umri, elimu, tabia njema na afya nzuri ya mwili na akili. Wito wa vijana wa kidato cha sita huorodhesha vitu vya kubeba, kama bukta, fulana, raba na shuka. Kwa hiyo mtu akimwambia mwanao kwamba mwenye zaidi ya kilo 70 anarudishwa getini, mwambie akuoneshe tangazo lenyewe.

Kwa majirani zetu Kenya, matangazo ya kuandikisha askari hutaja kilo waziwazi, lakini ni kilo za chini: mwanamume asipungue kilo 54.55 na mwanamke asipungue kilo 50. Jeshi linaogopa pia kijana aliyekonda, na ni haki yake kuogopa. Aliyejinyima chakula miezi miwili huweza kuwa mwepesi kwenye mizani lakini akashindwa kubeba gogo.

Wazazi wengi wa sasa hawakupitia mafunzo haya. Utaratibu wa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, kwa hiyo waliomaliza kidato cha sita katikati ya miaka hiyo wanaijua JKT kwa simulizi za baba na wajomba, ambao huongeza chumvi. Ukweli ni kwamba kuruta huamka alfajiri, hukimbia mchakamchaka, hucheza kwata, huruka kichura na kufanya kazi za mikono. Hayo yote yanahitaji moyo, mapafu, magoti na misuli iliyozoea kazi. Uzito ni sehemu tu ya habari.

Mwanao amezidi kiasi gani?

Usikadirie kwa macho, maana macho ya mama hudanganya pande zote mbili. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu. Kisha chukua kilo zake, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano: binti mwenye urefu wa mita 1.65 na kilo 78. Mita 1.65 mara 1.65 ni 2.72. Ukigawanya 78 kwa 2.72 unapata 28.7. Kwa mtu mzima, kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Kwa aliye chini ya miaka 19 mhudumu hutumia chati ya umri wake, kwa hiyo usimhukumu kwa namba za watu wazima.

Kipimo hiki kina kasoro moja kubwa: hakitofautishi nyama na mafuta. Kijana aliyelima na kubeba magunia ya mahindi tangu utotoni anaweza kusoma 26 na akawa fiti kuliko mwenzake mwenye 22. Huyo muache. Anayehitaji msaada ni yule anayehema akipanda kamlima kadogo na ambaye kitambi kimeanza kutangulia.

Kasi salama ni kupunguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Binti wa mfano wetu akitaka kufika kilo 68 kwa nusu kilo kila wiki anahitaji wiki 20, yaani karibu miezi mitano. Kwa anayeondoka Juni, maana yake ni kuanza Januari, akiwa bado anasoma. Wengi huanza baada ya mtihani wa mwisho, wakiwa na wiki tatu mkononi, na hapo ndipo hatari zinapoingia.

Njia za mkato zinazoumiza

Ya kwanza ni kutoa maji na kudhani umetoa mafuta. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kijana akikimbia juani amejifunga nailoni tumboni, mizani itashuka jioni ile ile, na itarudi akinywa maji. Mafuta hayajaguswa. Kilichoguswa ni uwezo wa mwili kujipoza. Joto la mwili likipanda sana huweza kuharibu ubongo, figo na ini. Dalili za kukimbilia hospitali ni kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba, kutapika au kuzimia wakati au baada ya mazoezi. Mweke kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee wakati usafiri unatafutwa. Asiyejitambua usimnyweshe kitu chochote.

Ya pili ni dawa na chai za kupunguza tumbo. Nyingi ni dawa za kuharisha zilizowekwa kwenye pakiti nzuri. Dawa ya kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini. Vidonge vya kukojoza vina hatari zaidi, kwani vinaweza kushusha madini ya potasiamu na kuvuruga mapigo ya moyo. Ukiona mwanao anakwenda chooni mara kwa mara, analalamika misuli kukaza au moyo kwenda mbio, angalia begi lake kabla ya kumpa panado.

Ya tatu ni kufunga kula kabisa. Mwili ukikosa chakula hula misuli yake, na misuli ndiyo itakayomvusha kwenye mafunzo. Kwa mabinti kuna jambo jingine: hedhi inaweza kukata. Mama akiona hivyo humfikiria ujauzito, na ni sahihi kupima, lakini mwili uliokosa lishe nao husimamisha hedhi, na mifupa hudhoofika kimyakimya. Mfupa wa namna hiyo huweza kupata ufa kwa kukimbia tu. Damu pia hupungua, na binti mwenye upungufu wa damu atachoka hata akiwa na mwili mwembamba kama mshale.

Kuhusu wanaomtania mwanao "tipwatipwa" hapo nyumbani, wakiwemo mashangazi: wanyamazishe. Kijana anayeona aibu hula kwa kujificha, na dawa pia atazimeza kwa kujificha.

Jikoni kwako

Habari njema ni kwamba huhitaji kununua chochote cha ajabu. Anza na vinywaji. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai. Anayekunywa chai vikombe vinne kwa siku na kuweka vijiko vitatu kila kikombe amekula vijiko 12 bila kutafuna kitu. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Familia ya watu watano ikitumia vijiko vitatu kwenye mboga badala ya kumimina, kila mtu ananufaika, hata baba mwenye presha. Maandazi na zege la chipsi mayai viwe vya siku moja moja.

Ugali usiuondoe. Songea bila ugali haiwezekani, na kuruta atakula ugali kambini. Gawa sahani: nusu iwe mboga za majani kama chainizi, matembele au majani ya maboga, robo iwe ugali, wa dona ukiwezekana, robo iliyobaki iwe maharage, mayai au dagaa wa Nyasa. Dona na maharage humshibisha mtu kwa muda mrefu kuliko sembe na mchuzi. Asubuhi asiondoke tumbo tupu. Uji usio na sukari nyingi na parachichi au ndizi vinatosha.

Mazoezi

Aanze kwa kutembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki mbili achanganye: dakika moja akimbie, dakika mbili atembee, mara kumi. Kila wiki aongeze dakika za kukimbia. Kipimo rahisi ni mazungumzo: kama hawezi kusema sentensi nzima, apunguze mwendo. Siku mbili kwa wiki afanye pushapu, za kupiga magoti kama za kawaida zinamshinda, na kuchuchumaa na kusimama. Kichura asikikimbilie, magoti ya mtu mzito hayakipendi. Mwezi wa tatu anaweza kupanda mlima upande wa Matogoro, akiwa na wenzake. Mabinti wasikimbie peke yao gizani.

Raba anunue mapema na azivae nyumbani, kwa sababu malengelenge yamewashinda vijana wengi kuliko uzito. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni kawaida. Lakini misuli ikivimba na kuuma mno, na mkojo ukawa wa rangi ya soda nyeusi, hiyo ni dharura: misuli imevunjika na figo ziko hatarini.

Kabla hajaondoka

Mpeleke Kituo cha Afya Mjimwema au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa apimwe damu, presha na sukari. Ulizia kipimo cha selimundu. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kuzidiwa ghafla kwenye mazoezi mazito ya joto. Hilo halimaanishi asiende. Linamaanisha wakufunzi na zahanati ya kambi wajue.

Mama wengine humshauri mtoto afiche pumu, kifafa au tatizo la moyo asije akarudishwa. Naelewa kinachowasukuma, ila kuruta anayebanwa na pumu alfajiri ya Juni, bila mtu kujua tatizo lake wala dawa ya kuvuta kuwa karibu, yuko peke yake. Andika kwenye karatasi jina la ugonjwa, dawa na kipimo chake, pamoja na namba yako ya simu, na dawa zenyewe azikabidhi zahanati siku ya kuripoti.

Mtoto wa Songea amezoea baridi. Akipangiwa Ruvu au Nachingwea, mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na wiki ya kwanza ndiyo ya kuwa mwangalifu: anywe maji kabla ya kuona kiu, na aangalie mkojo wake usiwe wa njano iliyokolea.

Na kama zimebaki wiki mbili tu? Aache soda, alale saa nane, atembee kila siku na ale sahani kama ile tuliyoeleza. Atapungua kilo moja au mbili. Zinazobaki atakwenda nazo, na ataendelea kuzipunguza kambini kwa kufuata mafunzo, akiwa na maji mwilini na nguvu miguuni.