Vidole Vitatu ni Asilimia Ngapi?

Mtoto wa shangazi yangu alikatwa vidole vitatu na karasha huko Geita. Mkono wa kulia. Mwaka jana aliona tangazo la kazi za serikali likiwahimiza wenye ulemavu kuomba, akanipigia simu: "Kaka, hivi vidole vitatu ni asilimia ngapi?" Alidhani mwandishi wa habari lazima ajue. Sikujua. Nikaanza kusoma sheria.

Wazo la kuugawa mwili kwa asilimia lilitoka mbali. Ujerumani ya Bismarck ilianzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884, Uingereza ikapata sheria yake ya fidia mwaka 1897. Tanganyika ilipata ya kwake mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Williamson alishagundua almasi Mwadui na Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu wa wakoloni. Katika majedwali ya aina hii, kupofuka macho yote ni 100, kupoteza mikono yote miwili ni 100, na vidole vinagawiwa makombo yanayobaki. Mwili unahesabiwa kama chombo cha kazi: kimepungua kiasi gani, na mshahara upungue fidia kiasi gani.

Sheria hiyo ilizeeka vibaya. Geita ilipofungua mgodi mkubwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa bado shilingi 108,000. Yaani unapoteza mkono, unapewa hela ya simu za kitochi chache. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Sasa daktari hutathmini, na mstari upo kwenye 30: usiozidi hapo unalipwa kwa mkupuo, ukizidi unapata pensheni ya kila mwezi. Ni hatua kubwa, tusibeze.

Lakini asilimia aliyokuwa anaitafuta ndugu yangu ni nyingine kabisa, na nadhani hata makarani wengi huzichanganya. Mwaka 1982 sheria ilimtaka mwajiri mwenye watu 50 na zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2010 ikapandisha hadi asilimia 3, kwa mwajiri mwenye watu 20 na zaidi. Hapa zinahesabiwa nafasi za kazi, vidole havihesabiwi. Tena sheria hii inaueleza ulemavu kama kupoteza au kupungukiwa fursa ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine. Mimi naiona ni tafsiri ya busara kuliko jedwali. Fikiria watoto wenye ualbino waliopelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, kunusuru maisha yao. Hakuna kiungo walichopungukiwa. Utawaandikia ngapi?

Na ile fidia je? Hapo ndipo karasha inapomkwamisha. Mfuko unachangiwa na mwajiri, ila kwenye maduara na mialo watu wengi hulipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe. Hakuna mkataba, hakuna hati ya mshahara. Oktoba 2015, miezi michache tu baada ya mfuko kuanza, duara lilititia Nyangarata, Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilishangilia, sisi waandishi tukiwa mbele. Sikumbuki kama tuliuliza mwajiri wao ni nani.

Ndugu yangu alikwenda ofisi moja kuulizia, akaambiwa alete barua ya mwajiri. Mwenye karasha anamfahamu kwa jina la utani tu, na alishahamia rashi nyingine. Basi kwenye maombi yake akaandika, "vidole vitatu, mkono wa kulia", bila namba yoyote. Bado anasubiri kuitwa.